Chui ya Sebarenzi na Meno ya Bukavu

Masisi, tarehe 8 Februari 1954

Kwa mutoto wangu Théoneste, musaidizi wa munganga ku disipanseri ya mugodi, Walikale.

Mutoto wangu, nakuamkia mara mingi kuliko mawe ya barabara ya Kashebere. Huku tuko wazima kama vile ulituacha. Mama mudogo wako Libérata anakohoa, lakini anakohoa na nguvu, si kikohozi ya muntu wa kufa. Ng'ombe amezaa dume. Maharagi ya majirani iko maharagi tu, lakini yangu imepanda miti ikaimaliza, sasa inatafuta pa kushika ku mawingu. Mama yako Thacienne yuko.

Sasa tuingie mu maneno. Umeniandika kama nikuombee binti ya Papa Jean-Marie wa Kashebere, ule Adelaïde. Umefanya vizuri kuniambia mimi. Tangu papa yako Védaste alikufa, mimi mudogo wake njo papa yako, na ku Masisi yote hakuna kinywa kama hii. Wakati nilisemea watu wa Ntoto, mvua ilisimama ku kilima ingine ikangoja nimalize.

Lakini iko jambo. Mwaka jana nilisimama ku maombi ya musichana mumoja, nikafungua kinywa, na musemaji wa upande ingine akaniangalia mu meno, akasema: «Papa Sebarenzi, kwanza mufunge dirisha, baridi inatuingilia.» Watu walicheka mupaka pombe ikamwangika. Na mimi nilikosa neno ya kumurudishia. Mimi, Sebarenzi, kukosa neno.

Unajua meno yangu mbili ya mbele yalienda wapi, lakini nakukumbusha juu usisahau. Chui alikuja kukamata mbuzi, mimi sikuwa na mukuki, nikamuuma sikio. Alivuta, nikavuta. Alikimbia na meno yangu mbili ndani ya sikio yake, na mupaka leo wawindaji wa Mpofi wanamwona anapita nayo kama mwanamuke wa hereni.

Sasa nasikia ku disipanseri yenu anapitaka Muzungu mwenye kupanda meno. Musemeshe. Umwambie nani ninakuwa. Sitaki yale ya kutoa na kurudisha. Katekista wetu alipata ya namna ile, siku moja akiimba yakaruka yakaanguka mu kitunga ya sadaka. Mimi nataka ya kukaa.

Ni mimi Papa yako,
Sebarenzi


Walikale, tarehe 2 Machi 1954

Baba Mudogo Sebarenzi,

Nimepata barua yako ku mukono ya Evode, dereva wa kamiyo. Salamu kwako na kwa Mama Libérata. Namutumia dawa ya kikohozi, kijiko moja asubuhi, moja mangaribi, wewe usiionje. Huku mvua mingi, wagonjwa mingi, lakini niko muzima.

Nimesema na Bwana munganga wa meno. Amekubali kwa heshima ya kazi yangu, juu mimi njo namutafsiria wagonjwa. Anakuja hapa mara mbili tu mwaka huu: katikati ya Aprili, na tena mwezi wa Julai.

Kile unataka wanaita daraja. Si ya kutoa. Iko meno mbili mapya yenye kushikana na kofia mbili za zahabu, moja kuume, moja kushoto. Kofia zile zinavaa ku meno yako mwenyewe, yale ya pembeni ya pengo, na simenti ya meno inazikaza. Ili kofia ziingie, munganga anachonga kwanza meno yale mbili mazima, anayafanya madogo kama mbegu ya mahindi. Nimepiga mustari chini ya neno hii. Usome mara mbili. Kisha unauma kitu laini kama bugali, inashika sura ya kinywa chako, inatumwa Bukavu, na kule wanafanya meno. Katikati ya miezi ile anakufunika yale yamechongwa na kofia ya muda.

Juu ya chui sina neno.

Na jambo ingine, hii njo mara ya tatu naandika. Papa Jean-Marie atauliza binti yake atalima wapi. Utamujibu kama atalima shamba ya Papa Védaste, ile ya chini ya kisima, na utasema iko yangu. Katika barua yako ya sasa umenielezea maharagi na ng'ombe, lakini shamba ile hukuitaja.

Mutoto wako,
Théoneste


Masisi, tarehe 30 Aprili 1954

Théoneste,

Tuko wazima. Libérata amepona. Salamu zimeisha.

Wewe uliniuza. Mimi niliondoka hapa na pengo ya meno mbili, nikarudi na pengo ya mbili na vijiti mbili pembeni. Nilikuja kuongezwa, mukanipunguza. Meno yale mbili alichonga Muzungu yako yalikuwa meno ya kufungua chupa, meno ya kukata kamba ya ng'ombe. Ku 1947 nilivuta nayo kamiyo mu matope ya Kashebere, muulize Evode, yeye njo alikuwa anashika usukani.

Ulisimama pale karibu na mimi na kanzu yako nyeupe. Uliona ule muntu anakanyaga mashini yake na muguu kama fundi wa nguo, mashini inalia mu kichwa yangu kama nyuki elfu, na weye unaniambia: «Baba Mudogo, fungua zaidi.» Nilifungua. Nilifikiri anasafisha pahali. Alipoenda mu chumba ingine kutafuta sijui nini, nikakamata kioo yake nikajiangalia. Théoneste, niliona mudomo ya muntu mwingine.

Njo maana nilitoka na mulango ya nyuma. Mimi sikukimbia. Nilitembea na haraka.

Sasa sikiliza aibu. Ku Kashebere kamiyo ilisimama, muzee mumoja mwenye kuchongwa meno tangu zamani za mababu alinikaribia, akanionyesha yake, akanipiga ku bega na furaha, akaniita wa rika yake. Yuko na miaka makumi munane. Na siku ya Mungu Padri aliniita pembeni akaniuliza kama nimerudilia mambo ya wazee. Mimi mwenye kubeba musalaba ku maandamano miaka kumi na moja.

Mwambie anirudishie meno yangu kama yalikuwa. Mimi huko sirudi. Na kinywa hii umeiharibu haitakusemea kwa Jean-Marie ao kwa muntu yeyote.

Sebarenzi


Walikale, tarehe 25 Mei 1954

Baba Mudogo,

Salamu kwa Mama Libérata. Nafurahi amepona. Adelaïde pia anawasalimia, hajui bado mambo yote.

Nilipiga mustari chini ya neno. Niliandika usome mara mbili. Weye ulisoma paka pale pa zahabu, ukakunja karatasi.

Sasa na mimi nitasema, juu nimechoka. Ulimuuma Bwana munganga kidole. Alikuwa anakuwekea ile kitu laini, akakwambia uuma, ukauma yeye. Ulitoka na kitambaa chao ku shingo na kioo yao mu mukono, kioo ile niliilipa na radhi mbele ya wagonjwa wote. Kama ungengoja dakika kumi, angekuvika kofia za muda, ungetoka hapa bila muntu kujua. Alikuwa ameenda kuzichukua. Lakini weye huwezi kungoja kitu bila kuikimbia ao kuisimulia.

Sura ya kinywa chako ilipatikana, imeenda Bukavu. Meno yatarudi mwezi wa Julai. Usikawie. Meno yenye kuchongwa hayakai pahali pamoja, yanasogea kidogo kidogo kufuata pengo, na yakisogea, daraja haitaingia tena. Usinywe baridi. Usitafune mahindi ya kuchoma.

Sasa iko mambo mbili.

Ya kwanza. Mu mufupa yako kulikuwa kumebaki vipande za mizizi. Munganga alizitoa, akaziangalia, akaniuliza muntu huyu alipigwa na nini. Nikasema chui. Akasema huyu chui alimupiga na kitu ya muti, ya muviringo, kutoka mbele. Sikumutafsiria wagonjwa wengine siku ile yote, nilikuwa nafikiri.

Ya pili. Nilipata ruhusa ya siku tatu, nikaenda kwa Mama. Weye ulikuwa ku soko, hukuniona. Nilimuuliza. Aliingia mu jiko akatoka na muti yake ya kutwangia, ile ya zamani, akaniwekea mu mikono, akaendelea kuchambua maharagi. Ule muti uko na ufa ku kichwa. Kisha nikashuka ku shamba ya Papa. Nimekuta mihogo. Mihogo ya mwaka nzima, Baba Mudogo, na mipaka imelimwa.

Muntu hapandi mihogo mu shamba ya kuazima. Maharagi unavuna unatoka. Mihogo ni ya mwenye kukaa.

Chui yako alivaa kitambaa ku kichwa. Usinilazimishe kusema zaidi.

Théoneste


Masisi, tarehe 20 Juni 1954

Kwa Théoneste mwenye kujua kila kitu,

Huku maharagi imevunwa. Dume ya ng'ombe inakua. Sikuulizi habari yako.

Nani alikubeba ku mugongo siku mbili kukupeleka ku masomo ya Mapadri, wakati muto ulijaa na simba anatufuata nyuma, na mimi namwimbia simba nyimbo ya Bikira Maria paka akachoka akalala? Ni mimi. Leo umejifunza kuandika herufi za kulala, unanitumia mizizi ya meno yangu ndani ya barua kama hati ya kunishitaki. Kanzu nyeupe imekuharibu akili.

Mihogo ile ilijipanda. Mwaka ule nilipita pale na fungu ya miti ya mihogo, ikaanguka, mvua ikanyesha. Nani anaweza kuzuia mvua?

Na shamba, papa yako Védaste aliniachia na kinywa yake, siku ya kufa kwake, tulikuwa sisi wawili tu mu nyumba. Kama mama yako anasema ingine, muulize alikuwa wapi saa ile. Alikuwa anachota maji.

Nakuambia pia, juu usifikiri umenishinda: sili vizuri. Maji ya kisima inanipiga mu vijiti hivi paka ku sikio. Libérata ananipikia uji kama ya mutoto mwenye kuota meno. Ku pombe nakaa pembeni na mukono ku mudomo. Watu wananiuliza: «Sebarenzi, tuelezee ile ya chui,» na mimi nasema nimechoka. Hawajapata kunisikia nikisema nimechoka. Hii ni kazi yako.

Mimi sitakuja mwezi wa Julai. Wapande meno yale mu kinywa ya Jean-Marie.

Sebarenzi


Walikale, tarehe 6 Julai 1954

Baba Mudogo,

Salamu kwa Mama Libérata.

Meno yako yamefika na kamiyo ya juzi, ndani ya sanduku kidogo, juu ya pamba. Nimeyaangalia. Mbili za katikati zina rangi ya meno yako mwenyewe, kidogo ya tumbako. Nilimwambia munganga asifanye nyeupe sana. Kofia za zahabu zinang'aa. Ukicheka wataziona kutoka kilima ingine, na najua utacheka. Bwana munganga atakaa hapa paka tarehe 20. Kidole yake imepona.

Nilifikiri siku mbili kama nikufunge na sanduku hii. Kama niandike: toa shamba, nitoe meno. Musaidizi mwenzangu wa disipanseri aliniambia nifanye hivyo. Nimekataa. Meno ni ya kula nayo, siwezi kukunyima kula. Kuja uwekewe. Sitakuomba kitu.

Lakini kwa Jean-Marie si weye utasema. Nimewaza hivi. Desturi inakataza muoaji kuwa pale, basi mimi nitabaki Walikale. Mama ataenda. Atasimama mbele ya wazee wa Kashebere, mwanamuke, na wote watashangaa kwanini upande yetu haina mwanaume wa kusema. Wakimuuliza, atawajibu. Wakimuuliza kwanini mutoto wake hana shamba, atawajibu ile pia. Alikwenda kuchota maji siku Papa alikufa, ni kweli. Na siku arobaini kisha kufa kwake alikukuta unangoa miti ya mupaka, ile pia ni kweli. Muti ya kutwangia ataibeba mu kitunga, kama muntu anataka kuangalia ufa.

Mimi na Adelaïde tunangoja tangu mwaka jana. Papa yake ameniambia wazi: binti yake haendi kulima pa kuomba.

Théoneste


Walikale, tarehe 2 Agosti 1954

Baba Mudogo,

Ulikuja tarehe 19, saa munganga anafunga masanduku. Ulikaa mu kiti, ukafungua kinywa. Jino ya kushoto ilikuwa imesogea kidogo, ikabidi achonge ndani ya kofia nusu saa, jasho inamutoka. Hukulalamika. Ilipokaza, akakupa kioo. Uliangalia muda murefu. Kisha ukamuachia kuku ku meza, ukapita mbele yangu kama unapita muti.

Evode ananiambia uliomba kukaa mbele, na njia yote ulitoa kichwa nje unawachekea watu wa mashamba.

Maombi ni tarehe 22. Mama anajitayarisha. Sema kama uko ao hauko. Neno moja inatosha.

Théoneste


Masisi, tarehe 29 Agosti 1954

Kwa mutoto wangu Théoneste,

Nakuamkia. Libérata anakuamkia. Ng'ombe wanakuamkia. Ningali na kasirani, na nitakuwa nayo paka Krismasi, kwa hiyo usisome barua hii kama muntu mwenye kusamehewa. Kuandika kama chui alivaa kitambaa ku kichwa, hii ni mambo ya muntu bila heshima. Lakini hukuwa pale, desturi imekukataza, na mama yako hajui kusimulia. Kwa hiyo nakusimulia mimi.

Sikukujibu neno moja juu sina barua za neno moja. Tarehe 22 niliamuka, nikavaa koti, nikapita kwa mama yako. Alikuwa tayari ku njia na kitunga. Tulitembea paka Kashebere, yeye mbele, mimi nyuma, na ile muti inatokeza mu kitunga, inaniangalia njia yote.

Watu wa Jean-Marie walijaa. Na musemaji wao, unamujua? Ni ule ule wa dirisha. Nilisimama kabla mama yako hajafungua kinywa, nikasema. Théoneste, nilisema. Kuku waliacha kudona. Nilipotaja ukoo yetu, mwanamuke mumoja alilia, na hata si wa kwetu. Musemaji yule alikuwa anatafuta mulango ya kuingilia. Mwisho akaniangalia mu zahabu, akasema: «Papa Sebarenzi, tunaona dirisha imefungwa na mali. Sasa mutuambie na yale ya zamani yalipotelea wapi.»

Watu wakasogea karibu. Walikuwa wanangoja chui, wamekuja juu ya chui. Na mimi nilikuwa naye tayari ku ulimi, Théoneste, na sikio yake na hereni zake. Nikaangalia ku mulango. Mama yako alikuwa amekaa chini na wamama, kitunga mu magoti, mukono yake juu ya kitambaa ya kuifunika.

Nikasema: yalipotelea mu shamba ya kaka yangu Védaste.

Nikasema: kaka yangu alipokufa, mimi nilishuka kule asubuhi moja nikaanza kusogeza mupaka. Na mujane wake alinikuta. Mwanamuke huyu munaona hapa, mwembamba hivi, alinipiga pigo moja na muti ya kutwangia. Moja tu. Muti ulipiga kelele, wakausikia ku Masisi wakafikiri ni kengele ya misa, wakaanza kupiga magoti. Meno yangu iliruka kisima. Nilianguka siku tatu, nikaamuka nikauliza kama mufalme ananiita. Chui? Chui ni paka. Mimi nimepigwa na Thacienne na ningali muzima. Nani mwingine hapa anaweza kusema vile?

Walicheka paka nguzo za nyumba zikatikisika. Musemaji wa dirisha alikosa neno. Uandike tarehe, alikosa neno. Na Jean-Marie alicheka polepole, akafuta macho, akauliza: «Na shamba ile, sasa iko ya nani?»

Nikasema iko ya Théoneste. Nilisema na kinywa iliyo na zahabu, mbele ya watu makumi tano, siwezi kuirudisha mu tumbo. Mihogo nimeanza kungoa, kila siku kidogo, na usije kunisaidia, sitaki kukuona ku shamba ile kabla mimi sijatoka. Jean-Marie amekubali. Binti ni wako.

Jambo moja inabaki na inaniuma. Wakati tulikuwa tunatoka, mama yako alikuja mbele yangu, mbele ya watu wote. Miaka kumi na sita hajanisemesha ila «ndiyo» na «hapana». Aliniangalia mu kinywa muda murefu. Kisha akacheka. Aliniuliza kama haya mapya yamekazwa vizuri.

Nilirudi nyuma hatua mbili.

Ni mimi Papa yako,
Sebarenzi